Gari la Kuvuta Nyumba

Gari la kwanza alilikataa kwa sababu ya rangi. La pili lilikuwa na milango miwili tu, la tatu lilikohoa likiwashwa, la nne lilinuka sigara za mtu mwingine. La tano halikuwa na kosa lolote, na ndiyo maana ilimchukua fundi siku mbili nzima kulitafutia kosa, mpaka akasema kiti cha nyuma kimeshonwa vibaya. La sita alilikataa kwa simu, kabla hata hajalitia machoni.

Wauza magari wa mji ule walikwisha kumjua. Wenye subira walisema mchagua nazi hupata koroma. Wasio na subira walisema maneno ambayo hayaandikiki. Hata hivyo wote walimheshimu, kwa kuwa hawakuwahi kumwona mteja anayekagua gari namna ile. Wengine huja mikono mfukoni, wakapiga teke gurudumu moja, wakatikisa kichwa kama wanaojua. Fundi alilipapasa gari zima. Alianza kwenye taa ya mbele, akapitisha kiganja juu ya boneti, akashuka na ukingo wa mlango, akazunguka hadi nyuma, kidole gumba kikitafuta ufa kwenye rangi kama kinavyoutafuta kwenye ubao. Alikuwa seremala kwa miaka arobaini na mitano, na seremala akipapasa kitu watu husema anakagua. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba anatafuta njia.

Ukweli ni huu, na tuuseme mapema tusije tukazungushana bure: fundi alikuwa haoni pembeni. Miezi minne nyuma daktari wa macho alimkalisha mbele ya mashine, akamwambia aitazame nukta na abonyeze kitufe kila atakapoona cheche ya mwanga. Fundi akaingoja cheche. Alibonyeza mara chache tu, akadhani mashine ni mbovu, na ilibakia kidogo ajitolee kuifungua aitengeneze. Daktari, binti mpole mwenye sauti ya chini, akamwonyesha karatasi iliyotoka. Ilikuwa na duara jeusi lenye tundu jeupe katikati.

"Ni presha ya macho, mzee. Imekula pembeni," alisema daktari. "Hapa katikati bado pazuri, na dawa ya matone italinda kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi."

"Kazi yangu je?"

"Kazi ya mikono, kwa uangalifu, endelea nayo. Msumeno wa umeme achana nao. Na usukani usishike tena. Sisemi upunguze, nasema usishike. Leo umekuja na gari?"

"Nimekuja kwa miguu," alisema fundi, na huo ukawa ukweli wa mwisho aliousema juu ya jambo hilo kwa muda wa miezi minne. Chupa ya matone aliificha karakana, ndani ya kopo la misumari ya inchi tatu.

Mtu atauliza, kwa nini asimwambie mkewe? Mke mwenyewe si mtu wa kuzimia akisikia habari ya ugonjwa. Alikuwa mkunga, miaka arobaini katika kituo kimoja cha afya, mitaa miwili kutoka nyumbani. Hapo ndipo penye shida yenyewe. Kwa miaka hiyo arobaini mlango wao ulibishwa saa yoyote ambayo mtoto aliona inamfaa kuzaliwa. Wakiwa mezani, hodi. Wakiwa na wageni, hodi. Fungate yao ilidumu siku moja na nusu. Na kila ulipobishwa, mkewe alijibu neno lilelile kabla hata ya kujua ni nani aliyesimama nje: "Nakuja." Fundi alijifunza kulichukia neno hilo kimyakimya, jinsi mtu anavyomchukia mwenye nyumba ambaye hana budi kumsalimia kila siku.

Basi siku moja, miaka sita kabla mkewe hajastaafu, alimwambia, "Nesi, siku ukiacha kazi nitakujengea nyumba isiyobishwa hodi."

"Iko wapi nyumba kama hiyo?"

"Itakuwa na magurudumu. Kila watakapojua tulipo, tumeshahama. Wewe utakaa pembeni, miguu juu, usifanye chochote. Nitakupeleka mimi."

Mkewe alicheka hadi akajifuta machozi, lakini mwenzake hakuwa akitania. Alinunua fremu ya tela lililochakaa, akaianza kazi. Alijenga karavani kama anavyojenga kabati, bila haraka na bila kumsikiliza mtu. Ndani kulikuwa na kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi la plate mbili na makabati yasiyo na msumari hata mmoja. Kidato cha mlangoni kilikuwa kifupi kwa sababu mkewe ni mfupi. Dirisha la kitandani alilikata usawa wa macho ya mtu aliyelalia ubavu wa kushoto, kwa sababu hivyo ndivyo anavyolala. Ilichukua miaka sita. Mkewe alistaafu, wakamwimbia, wakampa saa ya ukutani, na karavani ikawa imesimama uani imekamilika, ikingoja kitu kimoja tu, gari la kuivuta.

Na sasa huyo wa "nitakupeleka mimi" alikuwa haruhusiwi kushika usukani. Mkewe aliweza kuendesha, tena vizuri. Gari la kituo alikuwa akiliendesha mwenyewe dereva anapougua. Fundi alilijua hilo. Lakini kumwambia aendeshe kulikuwa ni kumwita kazini tena. Angekuwa mtu mwingine aliyesimama mlangoni, anabisha. Alijionea haya, na aliogopa, na kwa kuwa hakujua lipi kati ya hayo mawili ni kubwa zaidi, aliendelea kuyatia magari kasoro. Maadamu hakuna gari, hakuna safari. Na maadamu hakuna safari, hakuna la kusema.

Fundi wa magari waliyemwita Nati, kwa ufupi wake na ugumu wake, ndiye aliyeanza kumbana. Walikuwa marafiki tangu ujanani. Alikuja uani siku moja baada ya gari la sita, akaizunguka karavani, akachuchumaa chini yake.

"Kaka, tela hili lina uzito gani?"

"Kilo mia tisa," alisema fundi.

"Umelipimia wapi?"

Fundi akachomoa futi yake mfukoni. "Lina urefu wa mita nne na nusu. Upana mita mbili na sentimita—"

"Sijauliza urefu, nimeuliza uzito."

Fundi akasimama na futi mkononi. Mbao hununuliwa kwa urefu, kabati huuzwa kwa upana, na katika maisha yake yote hakuna mteja aliyewahi kuagiza meza ya kilo hamsini. Kwa miaka sita alikuwa amepima kila kitu katika nyumba ile mara mbili kabla ya kukata, kama alivyofunzwa, na hakuwahi hata siku moja kuipima kwa mizani. Tena hakuwa na imani na plaiwudi. Kila mahali ambapo mtu mwingine angepachika plaiwudi na kwenda zake kula, yeye aliweka mtiki.

Nati alileta gari lake la kukokotea magari mabovu, wakaivuta karavani polepole mpaka kwenye mizani ya maghala ya nafaka, inakopimwa shehena ya malori. Karani wa mizani akatazama namba, akatazama karavani, akatazama namba tena.

"Mmebeba saruji?"

"Hapana," alisema fundi. "Ni makabati."

Ilikuwa kilo elfu moja mia sita na ishirini. Nati hakucheka, na kutocheka kwake ndiko kulikomtia fundi wasiwasi. Njiani kurudi alieleza pole pole, kama anayemweleza mgonjwa.

"Yale magari sita uliyoyakataa, matano ulifanya vizuri kuyakataa, ingawa sababu zako zilikuwa za kipuuzi. Yalikuwa mepesi. Tela likikaribiana uzito na gari, mkiteremka mlima si gari linaloongoza tena. Ni tela linaloamua mwende wapi, na likianza kuyumba hulishiki. Mimi nataka gari la kilo elfu moja mia tisa, au zaidi. Liwe la dizeli, lenye nguvu hata injini ikizunguka polepole. Kibati chake cha mlangoni, chenye namba za uzito, kiseme limeruhusiwa kuvuta tani mbili. Ndoano tutaifunga kwenye fremu, si kwenye bampa." Akabadilisha gia. "Nani ataendesha?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Basi nitakufungia vioo virefu vya pembeni, maana nyumba yako ni pana kuliko gari lolote. Anayevuta tela hutazama pembeni kuliko mbele."

Fundi aliitikia kwamba amesikia. Alitazama barabara kupitia kile kitundu chake mpaka walipofika nyumbani.

Gari la saba lilikuwa katika yadi ya kijana mmoja aliyevaa tai hata kwenye jua kali, na ambaye kwa hiyo mji mzima ulimwita Tai. Safari hii mkewe alivaa viatu mapema asubuhi.

"Leo nakwenda nawe," alisema. "Magari sita yamepita sijayaona. Huyu wa saba nataka kumwamkia kabla hujamtoa kasoro."

Lilikuwa jeupe, refu kwenda juu, linang'aa. Tai alifungua milango yote minne kwa mpigo mmoja wa maringo.

"Mwenye macho haambiwi tazama, mzee wangu," alisema.

Fundi akaanza kwenye taa ya mbele. Kiganja kikapita boneti, kikashuka mlangoni, kikazunguka. Alichuchumaa penye kibati cha mlango, akauleta uso karibu, akasoma namba moja moja. Gari lilikuwa na kilo elfu mbili na mia moja. Liliruhusiwa kuvuta tani mbili na nusu. Lilikuwa la dizeli, gia otomatiki. Alizunguka mara ya pili. Alifungua mlango wa nyuma, akapapasa mishono ya kiti.

"Lina kosa gani?" aliuliza mkewe.

"Bado natafuta."

"Basi liendeshe. Kuna makosa hayaonekani mpaka kitu kitembee."

Tai hakungoja kuambiwa mara mbili. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa fundi kabla hajapata la kusema, na la kusema lilikuwapo. Lilikuwa limekaa kinywani miezi minne. Mkewe alikuwa amesimama mbele yake, katikati kabisa ya kitundu, anamtazama bila kupepesa. Angeweza kumrudishia ufunguo. Badala yake akapanda, akafunga mlango. Mkewe akapanda upande wa pili. Yadi ile ni ndogo, alijiambia, na lango liko mbele moja kwa moja. Nitafika langoni, nitasema breki ni nzito, nitashuka.

Akawasha, akatia gia. Aliliona lango, na Tai akilisukuma huku tai yake ikipepea. Akainua mguu kwenye breki, gari likaanza kujongea lenyewe, taratibu, bila kukanyaga mafuta. Kulikuwa kweupe, kutulivu, hakuna kitu mbele. Alianza hata kufurahi.

"Simama," alisema mkewe.

Hakupiga kelele. Lilikuwa neno moja la chini, la chumba cha kuzalishia, ambalo kwa miaka arobaini hakuna aliyelijadili. Fundi akakanyaga breki na mkono wake ukaruka kutafuta breki ya mkono. Vidole vyake havikukuta chuma. Vilikuta mkono wa mkewe. Ulikuwa juu ya breki, na breki ilikwisha kuvutwa.

Kutoka kushoto, kutoka mahali ambapo kwake hapakuwa na kitu, akatokea mama mmoja mwosha magari, anarudi kinyumenyume na mpira wa maji mkononi, buti nyekundu miguuni. Alipita hatua moja mbele ya bampa bila kugeuka. Alikuwa anaimba. Akaingia kwenye kitundu, akatoka upande wa pili, akapotea.

Injini iliendelea kunguruma. Fundi hakuuondoa mkono wake. Mkono uliokuwa chini ya wake ulikuwa na joto na haukutetemeka hata kidogo. Mkono ulioruka ghafla hutetemeka. Huu ulikuwa umekaa pale zamani.

"Ulikuwa umeshika hapa tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ulipofunga mlango."

Akazima gari. Tai, kule langoni, alitaka kurudi kuuliza kulikoni. Mkunga akamnyooshea kiganja dirishani, na kijana wa watu akasimama alipo.

"Na macho yangu? Umejua tangu lini?"

"Kabla yako," alisema mkewe. "Ulianza kutembea ukiwa umenigusa bega. Nikasema, haya, mume wangu amekuwa mtu wa mapenzi uzeeni. Nilifurahi wiki mbili nzima. Kisha nikaona na kabati unaligusa vilevile."

Fundi aligeuka, akamtafuta kwa kile kitundu.

"Fundi, mimi nimezalisha umeme umekatika na taa imeisha mafuta, kwa mikono hii tu. Unafikiri simjui mtu anayeona kwa vidole?"

"Mbona hukusema?"

"Mtoto havutwi. Anasubiriwa mpaka awe tayari. Nikakusubiri. Hata leo nimekusubiri, nimekuacha upewe ufunguo nikijua utaurudisha." Sauti yake ikabadilika. "Hukuurudisha. Nina hasira, usidhani sina. Yule mama amekuja kazini kuosha magari, jioni anatakiwa kwao. Mimi nimekaa hapa na breki mkononi kama mwizi. Ni wanawake wangapi nimewaambia mficha uchi hazai? Kumbe mficha uchi mwenyewe nalala naye kitanda kimoja."

Fundi alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mizuri, haikuwahi kumdanganya mtu ilipokuwa peke yake na mbao. Alisema bila kuinua uso:

"Niliahidi kukupeleka mimi. Watu wamekubishia mlango maisha yako yote, Nesi. Sikutaka na mimi nije nisimame hapo nje, nabisha."

Mkewe alipojibu, hasira ilikuwa bado haijamtoka, lakini ilikuwa imekaa chini.

"Wote waliobisha niliwafungulia," alisema. "Wewe peke yako hujawahi kubisha. Miaka yote hiyo hujaniomba hata maji ya kunywa, unaamka unayachota mwenyewe. Hilo nalo linachosha, sijui kama unajua."

Hakuwa anajua. Neno hilo lilimuuma kuliko la daktari, kwa sababu la daktari halikuwa kosa lake.

"Naomba uendeshe wewe," alisema mwishowe.

"Shuka basi tubadilishane."

Walibadilishana. Mkunga akapanda kwenye kiti cha dereva, na mara ikaonekana kwamba gari la saba lilikuwa na kosa. Miguu yake ilining'inia, na nywele zake zilifika katikati ya usukani. Alisogeza kiti mbele mpaka kikagoma, akanyoosha unyayo, pedali ikabaki mbali.

Fundi akasimama mlangoni, mkono ukaenda mfukoni wenyewe, ukatoka na futi. Alipiga goti kwenye kokoto za yadi ya Tai, akaipima miguu ya mkewe kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, kama alivyoipima siku ya kwanza walipoonana, alipokuja karakana mkunga mgeni, mwenye haraka, kuagiza kigoda cha kukalia akizalisha. Sentimita thelathini na tisa. Hakuhitaji kusoma. Kipimo hicho alikuwa nacho kichwani zaidi ya miaka arobaini, na kila kiti cha nyumbani kwao kilikatwa kwa hicho. Kisha akapima kutoka ukingo wa kiti hadi kwenye pedali, akatikisa kichwa.

Tai alishindwa kuvumilia, akaja. "Vipi mzee wangu, tuandikishane?"

"Nimelipata kosa," alisema fundi. "Halimtoshi dereva."

Tai alimtazama juu mpaka chini, mwanamume wa futi sita na ushei. "Mbona linakutosha kabisa?"

"Mimi sioni pembeni. Dereva ni mke wangu." Aliyasema hayo akiwa bado amepiga goti, na alishangaa kuona kwamba jua lilikuwa palepale na yule mwosha magari bado anaimba. "Una jingine zito, lenye kiti kinachopanda juu?"

Walitembea yadi nzima, mkunga akipanda na kushuka, fundi akipima, Tai akifuata nyuma kimya na tai yake imelegea. Magari mazuri yote yaliwakataa. Nyuma kabisa, karibu na choo, kulikuwa na gari refu la kijivu, lenye bonde ubavuni, ambalo Tai alisema kwa heshima zote asingependa kuwauzia watu anaowaheshimu. Mkunga akapanda. Kiti kikapanda juu, kikasogea mbele, usukani ukashuka kifuani. Akakanyaga breki mpaka chini bila kujinyoosha, akainua shingo, akaiona boneti yote.

"Nisomee hili," alisema.

Fundi akauleta uso kwenye kibati. Kilo elfu moja mia tisa na sitini. Kuvuta tani mbili. Dizeli, gia otomatiki. Alipapasa bonde la ubavuni, akaona ni la juu juu, halijafika kwenye mfupa.

"Lina kosa?" aliuliza mkewe.

"Lina sura mbaya."

"Hatutalioa."

Nati aliitwa, akalala chini yake nusu saa, akatoka na kutu masikioni na kusema fremu ni nzima. Walilichukua siku ileile. Njiani kurudi mkunga aliendesha na fundi akakaa pembeni. Hakuweka miguu juu. Njia nzima alikuwa akiliwaza lile kopo la misumari. Alilitoa karakana walipofika, akaiweka chupa ya matone kwenye rafu ya jikoni, mahali pa wazi, na mkewe akaisogeza karibu na chumvi ili asiisahau.

Baada ya siku tatu Nati alikuwa amefunga ndoano na vile vioo virefu. Alichuchumaa kwanza kwenye ulimi wa karavani, kile chuma cha mbele kinachoshikwa na ndoano, na mizani ndogo, akawafanya wahamishe mtungi wa gesi na sufuria mpaka uzito unaokaa kwenye ndoano ukampendeza. Mkunga aliivuta nyumba mpaka barabara kuu na kurudi, na mbele hapakuwa na tabu. Tabu ilikuwa kurudi nyuma. Tela halitaki kutii. Ukikata usukani kulia mkia unakwenda kushoto, na ukilirekebisha limekwisha kujikunja. Mara nne alijaribu kuiingiza uani, mara nne ikaelekea kwenye nguzo ya lango. Nati, ambaye alikuwa na mteja anamngoja, alisema mazoezi ni mazoezi, shemeji, akaondoka.

"Vioo vinanionyesha ukuta, havinionyeshi nguzo," alisema mkunga dirishani. Jasho lilikuwa linamtoka. "Nahitaji mtu huko nyuma."

Fundi alikuwa amesimama kando, hana kazi. Alisogea. Aliweka kiganja cha kushoto kwenye ubavu wa karavani, mkono wa kulia akaunyoosha mpaka ukaigusa nguzo. Hapo katikati, baina ya mtiki wake na tofali, hakuhitaji macho. Alijua kila ubao wa ukuta wa karavani ulipo, kwa sababu aliuweka mwenyewe, na umbali ulikuwa mikononi mwake kama ulivyokuwa miaka yote.

"Fungua dirisha lote," alisema kwa sauti ili asikike mbele. "Nikigonga mara moja, simama. Nikigonga mara mbili, rudi."

"Gonga basi."

Akainua ngumi, ikasita hewani. Miaka sita alikuwa ameujenga ukuta ule ili usigongwe na mtu yeyote. Kisha akagonga, mara mbili, si kwa nguvu.

Kutoka mbele, juu ya mngurumo wa injini, mkewe akajibu papo hapo, kama alivyozoea kujibu.

"Nakuja."

Neno lilikuwa lilelile. Ukuta ukaanza kusogea chini ya kiganja chake, polepole, na yeye akatembea nao, mkono mmoja kwenye mbao na mwingine kwenye nguzo, anahesabu vidole vya nafasi iliyobaki.